Wati 5 Uyole na hakuna anayejibu: ninunue amplifaya?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa fizikia, naishi Uyole, Mbeya. Leseni ya redio ya ridhaa, ile ya kuwasiliana hewani kwa kujifurahisha, nimeipata mwaka huu. Nina kiredio cha wati 5 chenye Morse (ishara za nukta na mkwaju) na sauti, betri ya volti 12 ya Ah 7 inayochajiwa na sola, na waya wa mita 20 niliofunga juu ya paa. Wiki ya tatu sasa naita kwa sauti kwenye bendi ya mita 40, mara nyingi mchana nikitoka kipindi, na sijajibiwa na mtu hata mmoja. Redio nayo inanguruma muda wote. Rafiki yangu wa Dar ananishauri ninunue amplifaya ya wati 100, na nimeshaanza kudunduliza. Ninunue?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Usinunue. Hela uliyodunduliza itunze, na sehemu ndogo tu ununulie waya, kamba ya manila na mirunda miwili ya kujengea. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu barua yako ina kila kitu ninachohitaji kujua, ila wewe mwenyewe hujakiona kama tatizo: umesema mchana, umesema juu ya paa, na umesema redio inanguruma.

Nianze na hiyo amplifaya. Kutoka wati 5 kwenda 100 ni mara 20, yaani desibeli 13, kipimo tunacholinganishia nguvu. Alama moja ya S, ile ya mshale unaoonyesha nguvu ya mawimbi kwenye redio ya msikilizaji, ni desibeli 6, kwa hiyo utakuwa umepanda alama mbili na kidogo. Si haba, sisemi haifai kitu. Lakini redio ya wati 100 inapotuma hula karibu ampea 20, na hiyo betri yako ya Ah 7 haitavumilia. Itakubidi ununue betri kubwa, kisha paneli kubwa, kisha waya mnene wa kubebea huo umeme. Na baada ya gharama zote hizo, amplifaya haina masikio. Mtu wa Ulaya atakusikia vizuri zaidi, akujibu, na wewe usimsikie kwa sababu ya huo mngurumo. Utaendelea kuita juu ya sauti ya mtu anayekujibu. Nimewahi kuwa upande wa pili wa hali hiyo, na inasikitisha.

Kwa hiyo tuanze na mngurumo, maana hapo ndipo penye desibeli nyingi za bure.

Mimi hapa Iringa niliishi na kelele kwa miezi miwili nikiamini ni radi za masika. Mshale ulikuwa umekaa S7 asubuhi hadi usiku. Siku moja umeme ulikatika mtaa mzima saa 2 usiku, nami nilikuwa nimevaa vipokea sauti, redio iko kwenye betri. Ile kelele ilizimika kama mtu aliyefungua mlango wa kinu cha kusaga akatoka nje. Nikabaki nasikia bendi yenyewe: kwa mbali vituo vinne, vitano vya Morse vinaongea kwa sauti nyembamba, kimoja kikipanda na kushuka. Vilikuwepo siku zote. Umeme uliporudi, kinu nacho kikarudi.

Kesho yake nilichukua redio ndogo ya mkononi, nikaiweka AM mahali pasipo na stesheni, nikazunguka nayo nyumbani chumba hadi chumba. Jikoni kimya. Sebuleni ikaanza kukoroma. Nikaisogeza kwenye king'amuzi, ikakoroma kidogo. Nikaisogeza kwenye chaja ya simu ya bei ya chini niliyoinunua standi, ikalia mpaka sauti ya stesheni yoyote isingepita. Chaja yenyewe haikuwa na simu, imechomekwa tu ukutani. Nikaing'oa. Mshale ukashuka hadi S3. Alama nne, Mwalimu, ni desibeli 24, karibu mara mbili ya desibeli ambazo amplifaya ingekupa, na mimi nilizipata kwa kuchomoa kitu.

Fanya hivyo hivyo. Zima swichi kuu ya nyumba, sikiliza kwa betri, andika mshale umesoma ngapi. Kisha washa kimoja kimoja. Nina shaka kubwa na kidhibiti chaji cha sola yako. Vile vidogo vya bei nafuu hukata na kuunganisha umeme kwa kasi, na waya wa kwenda kwenye paneli unageuka antena ya kurusha hiyo kelele. Dawa ni rahisi: chaji betri mchana, na jioni ukitaka kusikiliza ichomoe kabisa kwenye sola. Redio yako ikipokea inakula sehemu ndogo tu ya ampea moja, ikituma wati 5 ni ampea moja au zaidi kidogo. Betri ya Ah 7 iliyojaa itakutosha jioni kadhaa bila wasiwasi. Taa za LED nazo zipime, zinatofautiana sana hata zikiwa boksi moja.

Kelele ikitoka kwa jirani, nenda umsalimie kwanza. Mweleze unachofanya, mwache asikie yeye mwenyewe kwenye redio ndogo, na uwe na chaja nyingine nzuri mkononi ya kumbadilishia. Mimi nimebadilisha mbili mtaani kwangu kwa njia hiyo, na mmoja wa majirani hao sasa huniuliza jioni nimempata nani.

Sasa waya wako. Wewe ni mwalimu wa fizikia, kwa hiyo nitasema kwa lugha ya darasani: bati ni kioo. Waya ukilala nusu mita au mita moja juu ya mabati, kwenye hicho kioo inaonekana taswira yake, na umeme wa taswira unakwenda kinyume na wa waya. Kwa mtu aliye mbali, pembe za chini kule upeo wa macho, vitu hivyo viwili vinafutana. Kinachobaki kinakwenda juu moja kwa moja. Wati zako 5 zimekuwa zikipanda mbinguni juu ya Uyole na kurudi kama mvua hapo hapo kusini mwa Tanzania, mahali ambapo watu wenye redio hizi ni wa kuhesabu.

Jenga antena ya bendi ya mita 20. Ni ya mikono miwili, kila mkono karibu mita 5 na sentimita 10. Hesabu yake ni 143 ugawe kwa megahazi, upate urefu wote: 143 kwa 14.06 ni mita 10.17. Wewe kata kila mkono mita 5.30 kisha upunguze kidogo kidogo, kwa sababu kupunguza ni kisu na kuongeza ni kazi. Waya wa kawaida wa nyumba wa milimita 1.5 unatosha, na usiuchune plastiki.

Mlingoti mimi nimetumia mwanzi. Huku kwetu mianzi ya ulanzi ipo tele, na mwanzi mmoja mzuri ni mwepesi, haupitishi umeme ukiwa mkavu, na mtu mmoja anausimamisha. Kwako, simika mrunda wa mkaratusi chini, ufunge mwanzi juu yake kwa mpira wa tyubu uliokatwa vipande virefu, mpaka kilele kifike mita 9 au 10. Huo ni nusu ya urefu wa wimbi, na ndipo antena inapoanza kutupa nguvu kwenye pembe za chini. Katikati ya antena ipandishe juu kileleni, mikono miwili ishuke kama paa la nyumba, ncha zake ziwe juu kuliko kichwa cha mtu na mbali na mabati. Ncha ya waya inapotuma inaunguza kidole hata kwa wati chache, na watoto hawajui. Kamba iwe ya manila. Katani hunywa maji na kuoza. Mlingoti wangu wa kwanza ulilala shambani kwa jirani mwezi wa tatu kwa ajili hiyo, juu ya mahindi yake.

Mikono iielekeze mashariki na magharibi. Antena ya namna hii hutoa nguvu zaidi ubavuni kuliko nchani, na Ulaya kutoka kwako iko kaskazini ukikwepa kidogo kuelekea magharibi. Kutoka Uyole hadi Roma ni karibu kilomita 6,000, na mruko mmoja kupitia tabaka la F2, lile la juu angani linalorudisha mawimbi ya redio duniani, hauzidi sana kilomita 4,000, kwa hiyo unahitaji miruko miwili. Wati 5 zinaifanya safari hiyo jioni baada ya jioni.

Waya wa kushuka kwenye redio, kama hupati koaksia ya om 50, nunua ile ya madishi ya televisheni ya om 75. Duka lolote la vifaa vya umeme pale Mwanjelwa litakuwa nayo. Antena hii yenyewe ina om kati ya 50 na 70 hivi, hivyo haikatai, na redio yako itavumilia. Shida yake moja ni kwamba wavu wake wa nje mara nyingi ni wa alumini, haushiki risasi ya kuchomelea. Tumia konekta za skrubu, kisha ufunge kwa mpira na mfuko mzito ili maji yasiingie. Kabla haijafika kwenye redio izungushe mara nane kwenye kipande cha bomba la inchi 4. Hiyo inazuia kelele ya ndani ya nyumba isipande kwa mgongo wa koaksia hadi kwenye antena, jambo ambalo wengi hawalishughulikii, na wanabaki kulaumu redio.

Halafu saa. Mchana tabaka la D, lile la chini, linachomwa na jua na kuzimeza bendi za chini. Mita 40 saa 6 mchana, kwa wati 5, kwa sauti, kwa mtu aliye mbali: ningeshangaa kama ungejibiwa. Mita 20 huanza kunoga kwako saa 10 jioni na kuendelea hadi saa 3 au 4 usiku, na saa nzuri kuliko zote ni ile jua linapozama, saa 12 na nusu hivi. Kwetu jua linazama kwa haraka, giza halibembelezi, na katika hiyo nusu saa utasikia vituo vya Ulaya vikiibuka kimoja kimoja. Jua lenyewe liko upande wetu bado: mzunguko wake wa 25 ulianza Desemba 2019, ukafika kileleni 2024, na hata sasa ukijenga antena ya mita 15 au 10 utafaidi mchana. Wati 5 kwenye mita 10 siku bendi imefunguka zinafanya mambo ambayo hutanisadiki nikikuandikia, kwa hiyo acha ujionee.

Daftari la mawasiliano linaandikwa kwa saa ya dunia (UTC), na vijana wengi wanakosea hapo. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna njia nyepesi: saa za mchana ongeza 3, saa za usiku ongeza 15. Saa 12 jioni ni 15:00. Saa 3 usiku ni 18:00. Saa 10 za usiku, ongeza 15 unapata 25, toa 24, ni 01:00 ya tarehe ile ile unayoamkia. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu ndani ya jalada la daftari langu, na sijakosea tena.

Umesema redio yako ina Morse lakini unaita kwa sauti. Hapa nakuomba sana, Mwalimu, rudi kwenye nukta na mkwaju. Sauti inatandaza wati zako 5 kwenye upana wa karibu hazi 2,700. Morse inazibana zote kwenye uzi mwembamba, na msikilizaji anaweza kuchuja mpaka hazi 250, akaacha nje kelele nyingine yote. Kwa hesabu tu ya upana hapo kuna desibeli 10. Kwenye nguvu ndogo mpaka unaokubaliwa ni wati 5 kwa Morse na wati 10 kwa sauti. Wenye nguvu ndogo hukusanyika megahazi 14.060 kwenye mita 20, 21.060 kwenye mita 15, 28.060 kwenye mita 10, na 7.030 kwenye mita 40. Kaa hapo.

Na kuna jambo moja la sisi wa Tanzania tu. Herufi zetu za kujitambulisha hewani zinaanza na 5H. Kwenye Morse 5 ni nukta tano, H ni nukta nne. Nukta tisa mfululizo! Alama ya kusema "nimekosea, narudia" ni nukta nane. Mtu aliye mbali, akikusikia dhaifu na wewe una haraka, anaona umekosea na anasubiri urudie, kumbe umeshamaliza kujitambulisha. Tuma 5, pumua, kisha H. Acha nafasi ya wazi kati yake, hata kama sehemu inayobaki unaituma kwa kasi. Nilipoanza kufanya hivyo majibu yaliongezeka ndani ya wiki moja, bila kugusa antena.

Usiite ovyo. Mwenye wati 5 anapata zaidi kwa kujibu. Pita kwenye bendi taratibu, mtafute anayesikika kwa nguvu, msubiri amalize kuita, kisha tuma herufi zako mara mbili. Yeye ana antena nzuri, na antena nzuri inasikia vilevile. Na usijione mnyonge. Vituo vya Tanzania vinavyosikika hewani ni vichache, Wazungu na Wajapani wanavitafuta, na mtu akisikia 5H imezama kwenye kelele atawanyamazisha wengine ili akusikie wewe. Nimewahi kusikia mtu akituma "5H tu, wengine subirini" mara tatu. Wati 1,000 za jirani zake hazikumsaidia yeyote kati yao dakika ile.

Ukitaka kujua kama unafika, fungua kwenye simu ile redio ya intaneti ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, iliyoanza 2008 na ambayo mtu yeyote anaweza kuizungusha akiwa popote. Iweke 14.060, vaa vipokea sauti, tuma herufi zako chache saa 1 usiku, kisha ngoja kidogo maana sauti inachelewa. Siku utakapojisikia mwenyewe ukitokea Uholanzi, herufi ulizotuma kwa betri iliyo mezani kwako Uyole, itakubidi ukae chini kidogo. Simu yenyewe iweke mbali na antena, nayo ina kelele zake.

Mengine nitayataja haraka. Radi: Novemba hadi Aprili huko kwenu si mchezo. Ukisikia mngurumo wa kwanza chomoa koaksia, itoe nje ya dirisha kabisa, na usiiache ndani usiku ukiwa umelala. Nakala ya leseni yako ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iwe kwenye mkoba wa redio, na kabla hujasimika mlingoti mwonee mwenyekiti wa mtaa umweleze, kwa sababu waya mrefu na mtu anayegonga gonga kitu usiku huleta maneno. Soma tena masharti ya leseni, hasa kiwango cha nguvu na bendi ulizoruhusiwa. Hewani usizungumze biashara wala kutuma ujumbe wa mafumbo. Huduma hii haikuundwa kwa hayo.

Nikupe picha moja ya jioni. Mwezi wa sita mwaka fulani nilipanda Gangilonga, lile jiwe hapa mjini ambalo kwa Kihehe jina lake ni jiwe linaloongea. Baridi ilikuwa kali, nimejifunga blanketi, betri ya bodaboda kwenye kikapu, mwanzi nimeubana kwenye ufa wa jiwe. Niliita 14.060 kwa wati 3. Nikaita tena. Kisha nikasikia nukta mbili. Kimya. Nukta mbili tena, halafu tarakimu ambayo sikuipata. Nukta mbili ni herufi I, na I ni Italia. Nikatuma alama ya kuuliza. Ikazama, ikaibuka, ikazama, na ilipoibuka mara ya tatu nilikuwa nimeshaandika herufi zake zote kwa penseli iliyokuwa ikiteleza kwenye vidole vilivyokufa ganzi. Akaniuliza natumia wati ngapi. Nikatuma 3. Akarudia "3?" Nikatuma 3. Kadi yake ya kuthibitisha mawasiliano ilifika kwenye sanduku langu la posta baada ya miezi saba, na kwa wino ameizungushia duara hiyo 3.

Waya wako wa paani usiutupe. Upandishe mita nne au tano juu ya bati kwa vipande vya mirunda, uache ulivyo, mita 20 za bendi ya 40. Hiyo tabia yake ya kutupa kila kitu juu na kukirudisha karibu ndiyo tunayoihitaji mimi na wewe, maana Uyole na Iringa kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 270, na bendi ya mita 20 inaturuka sote wawili. Jumamosi saa 2 asubuhi, yaani 05:00 kwenye daftari, kabla jua halijapanda sana, nitakuwa 7.030 nikiita polepole, maneno kama 10 kwa dakika, kwa robo saa. Sola iwe imechomolewa. Ukinisikia, tuma herufi zako mara mbili, na ile nafasi kati ya 5 na H usiisahau. Nisipokupata Jumamosi hiyo, nitarudi inayofuata saa ile ile.